Moyo Ulioandikwa kwa Jina la Cathy

Saa tano na dakika kumi usiku, alama mbili kwenye simu ya Henriette ziligeuka buluu. Cathy alikuwa amesoma. Henriette aliketi ukingoni mwa godoro, simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika bakuli la uji wa moto, akangoja. Chini ya jina la Cathy pakatokea maandishi kwamba anaandika. Yakapotea. Yakatokea tena, yakapotea. Kisha ikabaki ile picha ndogo ya Cathy aliyopiga amevaa miwani ya jua, bila neno lolote.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya tatu huko Berea, Durban, kimegawanywa kwa pazia, na nyuma ya pazia mama mwingine na watoto wake walikuwa wamelala. Kitanda cha Anaïs kilikuwa kitupu. Binti yake huyo, mtoto wa pekee, alikuwa na siku ya ishirini na moja hospitalini, macho ya njano, tumbo limejaa maji, miguu myembamba kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Ujumbe aliomwandikia Cathy aliufuta mara tatu kabla ya kuutuma. Henriette aliishia darasa la tano kule Uvira, Kongo, na kuandika kulimtoa jasho. Mwishowe alituma hivi: Cathy mwanangu, kesho kabla ya saa sita mchana uje hospitali na karatasi yako, ni kusaini tu, ni kwa ajili ya mdogo wako. Saa sita mchana ndipo madaktari wa Durban na wa Johannesburg wangekaa, wakitazamana kwenye skrini, kuamua nani aingie kwenye orodha ya kupewa ini na nani aachwe. Bila saini ya Cathy, Anaïs angeachwa. Hayo Sista Khadeeja, nesi wa hospitali, alimwambia waziwazi, na Henriette alimwamini, kwa sababu Sista Khadeeja hakuwa mtu wa kumtisha mtu ili amsikilize.

Usiku ule hakulala. Alikuwa na mazoea ya kutazama: viatu vya manesi, ili ajue nani ana haraka, vidole vya daktari, kama vinagonga faili au vimetulia. Usiku hakuwa na cha kutazama isipokuwa ile miwani ya jua.

Mambo yenyewe yalianza miaka kumi nyuma, Anaïs akiwa na miaka kumi na minne. Yalianza na koo. Koo likapona, halafu magoti yakavimba, kisha viwiko, na homa ikampanda hata ukimfunika shuka analia. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imekwisha muda, na foleni ya kuifufua ilikuwa ya miezi. Hospitali waliyoenda, mtu wa mapokezi alisema bila karatasi hakuna faili, akamwita anayefuata.

Henriette akaenda kwa mdogo wake, Coletha, aliyekaa Greyville wakati huo. Coletha hakuuliza sana. Alifungua mfuko wa plastiki alimoweka karatasi za nyumba nzima, akatoa ya binti yake Cathy, aliyekuwa mkubwa kwa Anaïs kwa mwaka mmoja. Picha ilikuwa imefifia, msichana yeyote mwembamba angefanana nayo. Kwao, mtoto wa dada ni mtoto wako, na karatasi ya mmoja ilikuwa ya nyumba. Tena Cathy alinyonya ziwa la Henriette kule Uvira, miezi mitatu, Coletha alipolazwa. Ukiulizwa kama huyu Cathy ni mtoto wako, Coletha alimwambia, sema ndiyo, utakuwa hujadanganya.

Basi Anaïs akaingia hospitali akiwa Cathy. Walimpaka jeli baridi kifuani, wakapiga picha ya moyo, wakaeleza kwamba ile homa ya koo imekula vali moja, kile kipande chembamba ndani ya moyo kinachofunguka damu ipite na kujifunga isirudi. Yake ilikuwa imeanza kukakamaa. Ili isizidi, adungwe penisilini kila wiki nne, kwa miaka mingi. Ilikuwa sindano nzito kama gundi, mtu anatoka nayo akichechemea. Anaïs alizoea kuitikia jina la Cathy kwenye benchi la kliniki, akawa anamtania binamu yake wakikutana kanisani, eti mwezi huu nimekudungia tena, unanidai asante.

Ilikwenda hivyo miaka mitano. Halafu Cathy akaolewa na Godson, kijana wa Queensburgh, akachukua karatasi yake akaondoka nayo, kama ilivyo haki ya mtu. Sindano zikakoma. Henriette aliona mtoto anapanda ngazi bila shida, anasuka nywele pamoja naye saluni kutwa nzima akiwa amesimama, akajiambia moyo umenyamaza. Mwaka uliofuata Anaïs akapata karatasi yake mwenyewe, safi, jina lake, picha yake. Kwenye karatasi ile hapakuwa na ugonjwa wowote, na Henriette aliipenda kwa sababu hiyo.

Ini lilipoanza kufa, mwaka jana, ndipo wakagundua kirusi cha homa ya ini. Wakaomba na damu ya mama. Nayo ilikuwa nacho, kimelala, hakijamfanya kitu maisha yake yote. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alisema inaelekea mtoto alizaliwa nacho. Alisema kosa si lake. Henriette aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo akawa anaosha kikombe chake mbali na vya wengine, ingawa walikwisha kumwambia haina maana.

Dawa zilichelewa. Likabaki ini jipya tu, na ini jipya huwekwa Johannesburg. Hospitali ya Durban humwandaa mgonjwa na kutuma faili lake. Aliyeandaa mafaili alikuwa Sista Khadeeja, mwanamke wa hapo hapo Durban mwenye kitambaa cheupe kichwani. Nyanya yake alikuwa wa ukoo uliotoka pwani ya Waswahili zamani, akamwachia maneno kama ishirini ya Kiswahili, na hayo ishirini aliyatumia yote kwa Henriette siku ya kwanza: karibu, keti, pole, kula. Kisha akafungua fomu, akauliza kwa Kiingereza, polepole, kama Anaïs amewahi kuugua moyo.

Henriette alitazama kalamu. Wiki hiyohiyo, kwenye korido, alimsikia mama mmoja akilia kwamba mumewe amekataliwa ini kwa sababu ya moyo mbovu. Na kusema ndiyo kungeleta swali la pili: alitibiwa wapi, kwa jina gani. Aliona karatasi safi ya mtoto wake ikichanwa mbele ya macho yake.

Akasema hapana. Sista akaandika hapana.

Siku ya tisa ndipo zamu ya Anaïs ya picha ya moyo ilipofika. Daktari wa moyo, Daktari Luqmaan, aliizungusha ile mashine kifuani muda mrefu, akaenda kumwita mwenzake. Jioni alimwita mama. Alichora moyo kwenye karatasi ya kufutia mikono. Vali imekazana, alisema, damu inapita kwa shida, inarudi kujaa kwenye mapafu, na presha ya mapafu iko juu sana. Ini jipya likiwekwa juu ya moyo wa namna hii litajaa damu na kufa mezani, na yeye pamoja nalo. Henriette akauliza kwa nini wasitengeneze moyo kwanza. Daktari akasema ukipasua kifua cha mtu ambaye ini lake halifanyi kazi, damu haigandi, inatoka mpaka inakwisha. Watu wa ini wanasema tengenezeni moyo, watu wa moyo wanasema wekeni ini.

Ilibaki njia moja nyembamba. Kuna waya unaoingizwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na mwishoni pana puto dogo. Likijazwa, linaipanua vali bila kisu. Lakini presha ya mapafu inaweza pia kuletwa na ini lenyewe. Kama ni ya ini, puto halitasaidia kitu, watakuwa wamemtoboa bure mtu asiyeganda damu, na hakuna atakayekubali kufanya hivyo kwa kubahatisha. Daktari Luqmaan alisema kama pangekuwa na picha ya moyo ya zamani, ya kabla ini halijaharibika, wangeona presha ilianza lini. Kama ilikuwepo tangu zamani, basi ni ya vali, na yeye mwenyewe angesimama mbele ya wenzake kuomba puto kwanza, ini baadaye.

"Lakini mama ulisema hajawahi kuugua moyo," alisema, akakunja ule mchoro.

Henriette alichukua siku nyingine nne kabla ya kukiri. Siku nne, mtu mzima, anaamka anasema leo nitasema, anarudi jioni hajasema. Siku ya tano aliingia kwa Sista Khadeeja akaongea akitazama sakafu. Sista aliweka kalamu chini.

"Siku kumi na nne," alisema. "Mtoto wako anakufa, na wewe umekaa hapo kwenye kiti hicho siku kumi na nne."

Hata hivyo alitafuta, ikamchukua wiki nzima. Picha zilikuwepo, kwenye stoo ya kumbukumbu, za miaka yote mitano. Lakini juu yake palikuwa na barua. Cathy mwenyewe, miaka minne iliyopita, alisaini mbele ya ofisa kwamba picha hizo si zake, faili limechanganywa, na mwenye moyo huo hamjui. Kwa hiyo hazikuwa za mtu. Ili ziwe za Anaïs, yule aliyesaini lazima aje na karatasi yake, aseme ni za nani. Sista alisema angezihamisha kwa mkono wake mwenyewe kama sheria ingemruhusu, na haimruhusu.

Cathy hakupokea simu siku nzima ile. Coletha, aliyehamia Cape Town, alipokea, akasema: "Yaya, dada yangu, mtoto iko na bwana sasa, mi sina sauti kwake," akakata.

Jumatano jioni, kabla ya kutuma ule ujumbe, Henriette alikwenda kumlisha Anaïs. Msichana alikuwa na saa zake nzuri na saa ambazo sumu ya ini inampanda kichwani, anamwita nesi mwalimu. Ile ilikuwa saa nzuri. Alisukuma kijiko.

"Mama, kama nikikufa," alisema, "wanazika mi ao wanazika Cathy?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye hakuelewa neno, alicheka kwa sababu Anaïs alikuwa anacheka. Henriette naye alicheka kidogo, kisha akamfuta mdomo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kulipokucha jibu lilikuwa bado. Henriette alioga, akavaa gauni la Jumapili, akapanda teksi ya Queensburgh. Njiani alijipangia maneno. Kuna jambo moja hakulipanga, na ndilo lililomkaa kichwani: siku moja miaka minne iliyopita Cathy alimpigia simu akilia, naye alikuwa saluni, mikono imejaa mafuta, simu ameibana kwa bega.

Cathy na Godson walipanga vyumba viwili nyuma ya gereji ya watu. Mlango ulikuwa wa mbao, na mbele yake geti la chuma lenye kufuli. Henriette alibisha saa nne kasoro. Mlango wa mbao ukafunguka. Geti likabaki limefungwa. Cathy alikuwa amenenepa vizuri, kitambaa kichwani, na nyuma yake mtoto wa kike wa miaka minne alikuwa anatazama katuni.

"Bonjour, Cathy mwanangu."

"Bonjour, Mama Anaïs."

Henriette alilisikia. Maisha yake yote mtoto huyu alimwita mama mkubwa.

"Ulisoma mesaji?"

"Nilisoma. Nikalala."

Henriette akaanza kueleza, saini moja, nusu saa, teksi ya kwenda na kurudi juu yake, Sista ni mtu mzuri, hatapiga simu polisi. Cathy alimwacha amalize. Aliegemea fremu ya mlango kama mtu anayemsikiliza muuza sabuni.

"Nilishasaini," alisema. "Nilisaini simjue mwenye ule moyo. Leo nisaini namjua? Mwezi kesho niko na interview ya karatasi, mi na bwana yangu na mtoto. Wataniuliza, wewe Cathy, ulidanganya siku gani, ile ao hii? Nijibu nini?"

"Utasema ni mi nilikutuma."

"Eish." Cathy alicheka kwa pua. "Utakuja kulala jela kwa nafasi yangu? Hata pale utatumia jina ya nani?"

Henriette akasema Anaïs ni damu yake. Akasema walinyonya ziwa moja. Alipolitaja ziwa akaona uso wa Cathy umebadilika, akajua amekosea, lakini neno lilikuwa limekwisha toka.

"Unajua walinidunga ngapi?" Cathy aliuliza. Sauti haikupanda. "Saba. Mimba ya miezi miwili mpaka huyu anazaliwa, kila wiki nne. Nilifika kliniki, wanafungua jina, wanaona moyo mbovu. Nesi ananiambia mbele ya foleni, wewe na moyo ya vile ulikuwa unatafuta nini kwa mwanaume? Wanasema nitakufa siku ya kuzaa. Godson anasikia. Mama yake anasikia. Nikakupigia simu. Ulinijibu nini?"

Henriette alishika chuma cha geti.

"Sema. Ulinijibu nini?"

"Nilikuambia unyamaze."

"Ulisema, vumilia, ni sindano tu, haiue mtu. Ukaniambia niko na mteja kichwani, tutaongea. Mpaka leo mama mkwe wangu ananiita Madame Moyo mbele ya watu ya kanisa. Wiki mbili za mwisho walinilaza, siruhusiwe kutembea, nilikuwa nahesabu siku kama mtu ya kunyongwa. Ni daktari moja wa bahati akaweka mashine, akaona moyo mzima kabisa. Ndio nikasaini."

"Sikujua ni saba," Henriette alisema.

"Haukuuliza."

Ilikuwa kweli. Henriette akapiga magoti pale kwenye saruji, gauni la Jumapili na yote, akaingiza mkono kati ya vyuma kutafuta mguu wa Cathy. Cathy alirudi hatua moja nyuma, mkono ukashika hewa. Mtoto aliacha katuni akaja kutazama.

"Atakufa, Cathy. Anaïs atakufa. Hawezi kumaliza mwezi."

Cathy alimtazama. Macho yalimjaa maji, na kwa kitambo kidogo Henriette, mtazamaji wa zamani, aliona vidole vyake vinapapasa funguo zilizoning'inia kwenye kanga. Kisha vidole vikaachia.

"Wako ulimpa ini mbovu," alisema. "Wa Coletha ukampa moyo mbovu. Mi miaka sita nilikuwa na ugonjwa wa mtoto wako. Nimepona. Usinirudishie."

Akamshika binti yake begani, akamgeuza. Halafu akasema, kwa upole karibu, "Inuka, Mama Anaïs, majirani wanaangalia," akafunga mlango wa mbao. Ufunguo ukazunguka mara mbili. Sauti ya katuni ikaongezwa.

Henriette aliinuka. Alibisha. Alibisha tena, kwa kiganja, kisha kwa funguo zake mwenyewe kwenye chuma. Mwenye gereji alichungulia kutoka jikoni kwake, akarudi ndani. Saa nne ikapita, na nusu ikapita. Alikaa chini, akaegemea geti, akasimama tena akabisha. Alijaribu kuongea kupitia tundu la ufunguo, akaahidi vitu: ataongea na mama mkwe, atasimama kanisani aseme yote, atakwenda yeye mwenyewe kwenye hiyo interview. Katuni iliimba.

Saa tano na dakika ishirini simu ikalia. Ilikuwa Sista Khadeeja. Alisema Daktari Luqmaan ameshaingia chumba cha mkutano, picha za zamani zimetolewa stoo ziko mezani kwake, kinachongojewa ni mtu wa kusaini. Anaïs ameamka vibaya leo, alisema, hamjui nesi. Anaweza kuwaomba wamweke wa mwisho kwenye orodha ya leo, mpaka saa saba, si zaidi. Aliuliza kama yule binamu amepatikana.

Henriette aliutazama mlango. Rangi yake ya kahawia ilikuwa imebanduka chini, mahali mtoto hupiga kwa baiskeli.

"Amepatikana, Sista," alisema. "Iko hapa. Anavaa viatu."

Sista akasema Mungu ashukuriwe, neno la ishirini na moja la nyanya yake, pengine, kwa sababu Henriette hakuwahi kulisikia kwake. Akauliza kama watafika kwa wakati.

"Tunakuja," Henriette alisema. "Anafunga kamba."

Akakata, akaweka simu kwenye mkoba, akakunja ngumi akabisha tena. Ndani mtu alipita, kivuli chake kikakata mwanga chini ya mlango, kikasimama pale. Henriette aliacha kubisha. Kivuli kilikaa muda wa kutosha mtu kutafuta ufunguo na kuuingiza. Halafu kikaondoka, mwanga ukarudi, na mlango ukabaki vilevile.